Antene ya redio katika mashua ndogo: tuifunge wapi?



Ndugu mmoja wa mwaka wa tano, mwenye kutoka Kilwa kando ya ziwa Moero, alituletea swali katika kikundi chetu cha ufundi. Baba yake mdogo iko na mashua ya mbao, ile watu wanaita balenyere, mita 9 kwa urefu, motere moja nyuma. Anapeleka watu na magunia ya samaki wakavu. Sasa amepata redio ya kusemezana ya VHF yenye nguvu ya vati 25, pamoja na antene moja nyeupe ya mita 1. Swali lake ni fupi: hii antene niifunge wapi?

Wengine walicheka. Asema: sisi watu wa Likasi, watu wa mawe na shaba, tunajua nini juu ya mashua? Lakini tusisahau kama ziwa Tshangalele haliko mbali na sisi. Lile ziwa halikuwako zamani, lilitokea wakati maji ya Lufira yalifungwa kule Mwadingusha, karibu na mwaka 1930, juu ya kutengeneza umeme wa viwanda vyetu. Nani kati yetu hajakula makobo ya Kapolowe? Na wavuvi wanaoyavua wako na mashua. Tena katika masomo yetu muko watoto wa Moero, wa Tanganyika, wa Upemba na wa mto Lualaba. Basi swali ni letu.

Tena si swali la mchezo. Mwezi wa Desemba 2014 mashua Mutambala ilizama katika ziwa Tanganyika, na waliokufa walipita watu 100. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi ilizama katika ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku pale Goma, watu wa pwani wanaangalia. Ile ya Kivu inatufundisha jambo moja la kusema mbele ya yote: antene haiwezi kuponya mashua iliyojazwa kupita kiasi, wala haishiki pahali pa koti la kuelea. Kazi yake ni moja tu, kusema kwa watu wa mbali: tuko hapa, mje mbio. Kama iko pahali pabaya, watasikia krr krr tu, ao hawatasikia kitu.

Tuanze na ginsi mawimbi ya VHF yanavyotembea. Yanatembea karibu sawa na mwangaza wa toroshi, ni kusema yanakwenda moja kwa moja. Hayapiti ndani ya mlima, na dunia yenyewe ni mviringo, hata maji ya ziwa yanapinda pamoja nayo. Mtu mwenye kukaa katika mtumbwi, macho yake mita 1 juu ya maji, anaona uso wa maji mpaka kilometa 3 na nusu hivi, kisha maji yanashuka nyuma ya ule mpindo. Wimbi la redio linapinda kidogo katika hewa, basi linafika mbele kidogo kuliko macho. Hesabu yake ni hii: twaa urefu wa antene juu ya maji kwa mita, tafuta mzizi wake wa mraba (ile tunayoita rasine kare), kisha zidisha na 4,1. Utapata kilometa. Antene ya mita 1 juu ya maji inafika kilometa 4. Ya mita 4 inafika 8. Ya mita 9 inafika 12. Ya mita 25 inafika 20 na kidogo, na ya mita 100 inafika 41.

Muangalie vizuri hizi namba. Kwa kuongeza umbali mara mbili, ni lazima kuongeza urefu mara nne. Kutoka mita 1 mpaka 4 ni kazi rahisi, mti mmoja wa mwanzi unatosha. Kutoka 4 mpaka 16, katika mashua ya mita 9, ni wazimu. Mashua itapinduka mbele ya kuita mtu.

Tena mazungumzo yana ncha mbili. Umbali wenu ni ule wa antene yenu kuongeza ule wa antene ya mwenye kusikiliza. Mashua mbili zenye antene mita 1 juu ya maji zitasikilizana karibu kilometa 8. Zote zikipandisha mpaka mita 4, zitasikilizana 16. Hapo faida ni kubwa sana, ni mara mbili. Lakini kama mwenye kusikiliza iko pwani, na antene yake iko juu ya kilima, mita 100 juu ya ziwa, mambo yanageuka: mashua ya mita 1 inafika 45, na mashua ya mita 4 inafika 49. Umepanda mita 3 kwa faida ya kilometa 4 tu.

Watu wengi wanavunja kichwa juu ya mlingoti wa mashua, na kule bandarini antene imefungwa kwenye dirisha la ofisi, chini ya manjanja. Kama kijiji kiko na mfuko mdogo, sisi tunaona heri feza ya kwanza iende kwenye mlingoti wa pwani, pale juu ya kilima ambapo mtu anaona ziwa lote. Mashua zote zitafaidika siku moja. Kwa watu wa Moba, wenye milima ya Marungu mgongoni, dawa iko pale pale nyumbani. Lakini ile milima inaweza vile vile kuwa adui: mashua ikipita karibu sana na pwani, nyuma ya rasi, mlima unakata wimbi kabisa. Namba zetu ni za maji wazi, bila kisiwa wala rasi katikati.

Wengine wanasema: kwa nini tusiongeze vati? Redio ndogo ya mkononi iko na vati 5 hivi, hii ya kufungwa iko na 25. Nguvu inasaidia, sauti inakuwa safi zaidi pale pembeni. Lakini vati 25 nyuma ya mpindo wa dunia ni sawa na taa kubwa nyuma ya ukuta.

Sasa tuingie katika mashua yenyewe, tutembee ndani yake tangu mbele mpaka nyuma.

Pale mbele kabisa, kwenye pua, panapendeza kwa macho. Hakuna watu wengi, hakuna bashi. Wengi wanachagua pale. Sisi hatupapendi. Pua ndiyo inapiga mawimbi ya maji, inapanda na kushuka kuliko pahali pote, inalowa yote. Ndipo kamba ya nanga inatupwa, ndipo vijana wanaruka wakati wa kufika pwani, na kijana akitaka kitu cha kushika atashika antene. Tena kapiteni iko nyuma karibu na motere, redio iko karibu naye, basi kable italala mita 8 ao 9 chini ya miguu ya watu na magunia. Kable yenye kukanyagwa haina maisha.

Katikati, chini ya bashi, kuna watu na mizigo. Mwili wa mtu ni maji na chumvi, unakula wimbi. Watu 30 wamesimama kuzunguka antene ni ukuta. Na zaidi ya ile, redio ya vati 25 ikisema, si vizuri mtu aegemee antene yake. Afazali pawe mita 1 kati ya antene na kichwa cha mtu. Ndiyo maana antene ipite juu ya vichwa, hata vya wale wanaokaa juu ya magunia.

Ubavuni, kwenye ubao wa pembeni, ni rahisi kwa fundi: visi nne, kazi imekwisha. Lakini mashua zinakaa bandarini ubavu kwa ubavu kama samaki ndani ya kikopo, zinasuguana usiku kucha. Antene ya ubavuni itavunjwa na jirani. Tena mvuvi anatupa wavu upande mmoja, kila siku upande ule ule. Kama hamna pahali pengine, ifungeni upande mwengine, si ule wa wavu. Na tena, mzigo mrefu ukisimama katikati ya mashua, antene ya upande wa kuume haioni vizuri upande wa kushoto. Mnaita pwani, pwani haisikii. Mnageuza mashua, inasikia. Watu wanasema redio iko na mapepo, kumbe ni magunia.

Juu ya paa kuna neno la kusema, kwa sababu balenyere nyingine ziko na paa ndogo ya manjanja. Chuma na redio, wakati mwengine ni marafiki, wakati mwengine ni maadui. Fanyeni jaribio hili ku nyumba: washa posti ndogo ya FM yenye pile, ingiza ndani ya sufuria ya chuma, funika na mfuniko. Sauti itapungua ao itapotea. Basi antene iliyo chini ya manjanja iko ndani ya sufuria. Iliyo pembeni ya nguzo ya chuma, sambamba nayo, karibu sana, inaibiwa vilevile: ile nguzo inakuwa antene ya pili, inavuta wimbi na kulirudisha upande usiotakiwa.

Lakini antene iliyo juu ya manjanja ni neno lingine. Kanali ya 16, ile ya kuita kwa hatari, iko kwenye megaherzi 156,8. Wimbi lake liko na urefu wa mita 1 na sentimeta 91. Kuna antene za nusu ya wimbi, karibu sentimeta 96, ndizo hizi nyeupe za mita 1. Hizi zinajitosha, hazihitaji chuma chini yake. Na kuna antene za robo ya wimbi, uzi mmoja wa sentimeta 48 tu, kama zile za juu ya magari. Ya robo ni nusu mtu: inatafuta mwenzake katika bamba la chuma lililo chini yake. Ukiifunga katikati ya paa la manjanja, inafanya kazi vizuri sana. Ukiifunga juu ya mbao tupu, inalegea. Basi mbele ya kuchagua pahali, ni lazima kujua kwanza ni antene ya namna gani. Ndugu wa Kilwa iko na ile ya mita 1, haina haja ya paa. Lakini paa likiwako, aipandishe mpaka mguu wake upite juu ya manjanja, isikae pembeni yake.

Tunafika nyuma. Kule iko motere. Motere ya esansi inapiga cheche, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio chenye kusema krr krr krr. Pia kuna moshi, na mafuta yenye kurukia kila kitu. Basi nyuma kabisa, juu ya motere, hapana. Lakini tukirudi mbele mita 2 kutoka motere, tunakuta nguzo ya nyuma ya bashi, na kapiteni iko pale karibu. Ile nguzo, ndiyo sisi tunachagua.

Kwa nini? Iko karibu na redio, kable ni fupi, mita 5 ao 6. Sehemu ya nyuma hairuki sawa na pua. Kapiteni mwenyewe anaiona kwa macho yake, hakuna mtoto ataitundikia kikapu. Mfunge mwanzi mkavu, ulionyooka, kwenye nguzo ya bashi, kwa pahali pawili, chini na juu, hata ncha yake ifike mita 3 ao 3 na nusu juu ya maji. Antene inakaa pale juu ya ncha, hata yenyewe yote inapita bashi na watu. Mwanzi ni mwepesi, si chuma, hauibi wimbi, na bei yake ni kidogo. Bomba la alminyo ni zuri pia, ila lisipande sambamba na antene. Liishie kwenye mguu wake. Bomba la chuma kizito, hapana: kilo 8 ao 10 juu namna ile, katika mashua nyembamba, unazisikia kila mara wimbi linapiga ubavuni. Kamba za kuushika mwanzi ziwe za nailoni. Waya ya chuma si nzuri.

Antene isimame wima. Katika VHF ya mashua, wimbi linasimama, na antene ya pwani inasimama; yako ikilala, hazielewani tena. Kuinama kidogo na kusimama wakati mashua inayumba si neno, unapoteza kidogo tu. Hatari iko kwa wale wenye kulaza mwanzi wakati wa kuvua wavu ao kupita chini ya matawi ya miti, kisha wanasahau kuusimamisha. Kama ni lazima mwanzi ulale, mwekee kizingiti cha kuuonyesha pale pale, kitu chenye kumzuia kapiteni kukaa vizuri mpaka aunyanyue.

Katika duka mtaona vilevile antene ndefu ya mita 2 na nusu, muuzaji anasema hii iko na nguvu mara mbili kuliko ya mita 1. Hasemi uongo, lakini hasemi yote. Antene haizai nguvu. Inaikusanya tu. Ile fupi ni kama taa ya glasi, inaangaza pande zote, juu na chini kidogo. Ile ndefu inabana mwangaza uwe mwembamba, usawa na maji, basi unakwenda mbali zaidi. Katika meli kubwa yenye kutulia ni vizuri. Katika balenyere yenye kuyumba, mwangaza ule mwembamba unapiga mara katika maji, mara mbinguni, na mwenye kusikiliza anapata neno moja, anakosa mawili. Kwa mashua ndogo, fupi inashinda ndefu. Hapa umaskini umetusaidia.

Kable sasa. Ni ile nyeusi, yenye uzi mmoja katikati, plastiki, kisha wavu wa shaba kuzunguka. Ile nyembamba yenye kuuzwa kila pahali (imeandikwa RG-58) inakula kidogo kila mita. Kwa mita 6 inakula karibu robo ya nguvu, vati 25 zinafika juu 19 hivi. Kwa mita 20 ingekula zaidi ya nusu, na ingekuwa lazima kununua ile nene. Basi kwa mashua yetu nyembamba inatosha. Hapana kuikunja kwa pembe kali, hapana kuipigilia msumari. Ipite juu, chini ya ubao wa bashi, isipite sakafuni mwenye maji. Na pale inapoingia katika sanduku la redio, ishuke kwanza chini kidogo na kupanda tena, hata matone ya mvua yaanguke pale pa chini, yasifuate kable mpaka ndani ya redio. Sanduku lenyewe lisikae karibu na dira kama mashua iko nayo, kwani spika iko na sumaku ndani yake na sindano itasema uongo. Mita 1 kati yao inatosha.

Wazee wetu wengi, tukisema redio, wanafikiri foni, ile ya misioni na ya hospitali za vijijini, yenye kusema kutoka Likasi mpaka Kalemie ao mbali zaidi. Ile si VHF. Mawimbi yake ni marefu, mita 40 ao 60 moja moja, yanapanda mbinguni na kurudi chini, ndiyo maana milima haiyazuii. Lakini wimbi la mita 40 linataka antene ya robo, ni kusema mita 10, na mashua yetu yote ni mita 9! Inawezekana, lakini kwa shida: waya inapanda kutoka nyuma mpaka ncha ya mlingoti na kushuka mpaka pua, na chombo kingine cha kuipatanisha na redio. Tena inataka udongo, ni kusema mwenzake wa chini. Vitabu vya Ulaya vinasema: tieni bamba la shaba majini, bahari itafanya kazi. Hapo muwe na akili. Bahari iko na chumvi nyingi, inapitisha umeme vizuri sana. Maji ya Moero, ya Tshangalele na ya Lufira ni baridi, hayapitishi namna ile. Mashua ya mbao katika ziwa itahitaji ukanda wa shaba mrefu ndani yake, tangu pua mpaka nyuma. Kwa mashua ndogo hatushauri foni. Foni ikae pwani.

Na telefone? Wengi watasema: kila mtu leo iko na telefone mfukoni, kazi ya antene ni nini? Telefone ni nzuri, muwe nayo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Lakini telefone inasema na mnara tu. Ile ya namna ya zamani, ya GSM, kwa kawaida haiwezi kupita kilometa 35 kutoka mnara, hata maji yakiwa wazi, na Tanganyika peke yake iko na pahali penye upana wa kilometa 70. Tena unaita mtu mmoja tu, na kama amelala, basi. Kwa VHF, kila mashua yenye redio wazi katika kanali ile inasikia wakati mmoja, hata ile usiyoijua jina.

Hata hivi, redio nayo inataka masikio. Usiku wa tarehe 14 kuelekea 15 Aprili 1912, meli Titanic ilikuwa na waya za antene ndefu sana, zilizofungwa juu kati ya milingoti yake miwili, pahali pazuri kuliko pote. Meli Californian ilikuwa karibu kuliko nyingine, lakini mtu wake wa redio alikuwa amekwisha kwenda kulala. Iliyosikia ni Carpathia, ya mbali zaidi, nayo ilifika wakati wengi walikuwa wamekwisha kufa. Basi mbele ya kutoboa mbao hata moja, baba mdogo wa ndugu yetu aende bandarini kuuliza: nani anasikiliza hapa? kanali gani? saa ngapi mpaka saa ngapi? na antene yake iko wapi? Kama hakuna mtu, wenye mashua wapatane wao kwa wao, kila saa kamili redio zote ziwe wazi dakika 10. Na hapo, kwa sababu ni mashua kwa mashua, zile mita 3 za mwanzi zinakuwa na faida yao yote.

Radi tusiisahau. Upande wa mashariki wa Kongo ni kati ya pahali penye kupigwa radi zaidi katika dunia nzima, na katika ziwa wazi kitu kirefu ni mashua yako. Antene haiiti radi kwa uchawi, lakini kila kitu chenye kusimama kinaipa njia. Mvua nyeusi ikionekana mbali, dawa ya kwanza ni kukimbilia pwani. Imewakuta katikati? Iteni mapema, semeni mahali mlipo, kisha mlaze mwanzi, mtoe kable katika redio, na mtu yeyote asiishike mpaka ipite. Katika miezi ya Novemba mpaka Machi kapiteni afanye hivi bila aibu.

Na batri, kwa maana antene nzuri na batri iliyokufa ni mti tu. Maji yakiingia, yanaingia chini. Batri nyingi zinawekwa sakafuni, na redio inanyamaza dakika ile inapohitajiwa. Ifungwe juu, chini ya kiti cha kapiteni ao zaidi, kwa kamba ya nguvu, isiruke.

Kazi ikiisha, mfanye jaribio siku ya maji matulivu. Mtu mmoja anabaki pwani na redio na kitabu. Mashua inakwenda mbele kwa mstari mmoja, na kila dakika 10 inaita katika kanali ya kazi, si katika 16. Mwenye pwani anaandika saa, na alama kutoka 1 mpaka 5 kama katika masomo: 5 ni sauti safi, 1 ni krr krr. Wakati alama inafika 3, mashua izunguke polepole duara kamili, huku wanaita kila mara pua inapogeuka robo. Kama alama inashuka upande mmoja tu, kuna kitu upande ule kinakula wimbi: nguzo, pipa la esansi, manjanja. Sogezeni kile kitu, ao pandisheni mwanzi nusu mita, na mrudie. Kisha mrudie tena siku ambayo mashua imejaa watu na mzigo, kwani ndivyo inavyosafiri.

Baadaye, kila mwezi, mwangalie pale kable inapoungana na antene kule juu. Pafungwe na mpira wa shambele ya baiskeli, kuvutwa sana, kisha utepe mweusi juu yake. Siku mkifungua na kukuta shaba imekuwa ya kijani ao nyeusi, maji yameingia. Kateni kable kidogo kidogo mpaka mfike kwenye shaba nyekundu, sisi wa Likasi tunaijua rangi yake, na mwunganishe upya. Kama mmekata mita nzima na bado ni nyeusi, ile kable imekwisha, mnunue nyingine.